Daftari la Zamu

Jalada lake la ngozi limepasuka mgongoni.
Aliyeanza kuliandika, hapa Mudhairib, simjui;
mwandiko wake umeinama kama mtu apitaye mlango mfupi.
Wa mwisho ni wangu, wa wino wa buluu,
mimi niliyezaliwa Ng'ambo ya Unguja
nikaja huku nikaambiwa: wewe wa ng'ambo.

Kila nusu saa ya maji ya falaji ina mwenyewe.
Athari, ndivyo tunavyoiita.
Kuna athari ya msikiti, haiuzwi hairithiwi.
Kuna ya mwalimu wa chuoni, na ya sanda za maskini,
na moja (aliyeiweka wakfu alikuwa na akili zake)
ya kahawa ya sabla, ili wanaogombana
wagombane wamekaa.

Ukurasa wa arubaini, wino mweusi:
*Mabruki, wa nyumba ya kina Hilali. Zamu: hana.*
Ndiye aliyeshuka chini ya ardhi kuzibua mfereji
kwa mwanga wa kibatari, magoti yamechubuka.
Alisali safu moja na waliommiliki,
bega kwa bega, kisigino kwa kisigino,
na salamu ikishatolewa, kulia, kushoto,
akarudi kukaa karibu na viatu.
Aya waliijua. Waliisoma kwa tajwidi.
Ila mila ilikuwa imeshawahi nafasi kwenye mkeka.

Ukaja mwaka wa redio na lami na pasipoti.
Karani kijana kutoka Maskati, mwenye haraka zake,
akauliza: kabila?
Mtoto wa Mabruki akanyamaza.
Karani akaandika la kina Hilali, akagonga muhuri.
Dakika moja tu,
na jina lile babu zangu walilifia kwa bunduki.

Leo mjukuu, Feruzi, hununua maji mnadani
na kupandisha bei mpaka masheikh wanakohoa.
Lakini alipokwenda kuposa
aliulizwa tena swali la karani,
na safari hii muhuri haukutosha.

Shangazi yangu Bi Shinuna ana athari tatu.
Mungu ndiye aliyempa, fungu lake limetajwa kitabuni
bila ya kificho.
Lakini soma hapa: miaka thelathini na moja
imeandikwa *kwa mkono wa kaka yake.*
Juzi kaingia sabla, barakoa ya mama yake usoni,
kadi ya kupigia kura kaishika kama kipepeo cha joto,
akasema kwa Kiswahili,
na nusu ya wazee, wanaojifanya wamekisahau,
wakainua vichwa:
"Niandike mimi. Mkono ninao."
Wakarudi kutazama vikombe.
Hakuna aliyekumbuka hadithi ya kumzuia,
ingawa wawili watatu, niliwaona, walijaribu.
Nikamwandika. Kalamu ilikwaruza kwa kelele.

Zamani zamu ilipimwa kwa kivuli cha nguzo,
usiku kwa nyota kuchomoza nyuma ya ukuta wa mnara.
Sasa simu hulia.
Na inapolia, saa tisa za usiku,
si Feruzi anayeamka, wala si mimi.
Ni Rafiqul wa Silhet, mwaka wake wa nane hapa,
anayeziba na kuzibua maji kwa tambara na jiwe,
anayejua mtende upi wa nani kuliko wenye mitende.
Nilimwuliza kwao zamu hugawanywaje.
Akacheka: kwao maji huja yenyewe, hadi kitandani.

Anasali safu yetu.
Jana nimemwona baada ya salamu,
nikatazama alipokwenda kukaa,
nikajua mahali pale nimeshapasoma.

Mstari wa chini wa ukurasa wangu uko mtupu.
Muhenna, wakili wa falaji, asema ni wa jumla, niandike jumla.
Siku ya tatu leo.
Wino unavuja kidoleni
na jumla sijaiandika.